Elfu Mbili za Usingizi

Albertine alikuwa mtu wa kuhesabu chenji mara tatu: mara ya kwanza mbele yako, mara ya pili ukishampa kisogo, na mara ya tatu nyumbani kwake, huku akikulaumu. Katika soko la Kasongo, kwenye mstari wa wauza mawese, kila mtu alimjua hivyo na kumvumilia hivyo. Mafuta yake yalikuwa safi, hayakutiwa maji, na ulimi wake ukishamaliza kukuchoma ulijua pia kukuuliza habari za watoto. Wengi walimwita Mama Sonia, kwa jina la binti yake aliyeolewa Kindu. Alikuwa mjane, umri umekwisha kupita hamsini, na goti lake la kushoto lilivimba kila msimu wa mvua kwa sababu ya kukaa chini miaka yote hiyo, jua kichwani na tope miguuni.

Kwa hiyo Papa Iliasi alipotangaza kwamba butiki yake, duka dogo la pembeni mwa soko, inatafuta mpangaji, ni kama lile goti ndilo lililosikia kwanza. Butiki ilikuwa na kuta za matofali ya kuchoma, mabati yasiyovuja na mlango wa chuma. Papa Iliasi, mzee wa familia za zamani za Waislamu wa mjini, alitaka garanti mkononi, yaani kodi ya miezi sita mbele: franka laki tatu, bila kupunguziwa hata moja. Lakini hakuwa na haraka, maana humo ndani alikuwa bado ameweka mchele wake. Alisema ataifungua siku ya kuamkia Idi ya kumaliza mfungo, baada ya sala ya alasiri, na atakayekuwa na laki tatu kamili siku hiyo ndiye atakayepewa ufunguo. Akiwa Albertine, vizuri. Asipokuwa yeye, vizuri vilevile.

Idi ilikuwa mbali miezi sita. Albertine alikuwa hajawahi kuziona laki tatu zimekaa pamoja tangu azaliwe. Alichokuwa nacho ni faida ya mawese, na faida ya mawese huingia kwa mkono huu na kutokea kwa ule. Alijua kwamba ikilala nyumbani haitaamka. Ilibidi aitoe mikononi mwake kila siku, ampe mtu mwingine amwekee, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia.

Sokoni pale, mama asiye na benki ana kadi. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu kilichochorwa vijumba thelathini na kimoja. Unachagua kiasi chako, na kila siku mkusanyaji anapita, unampa kiasi kilekile, naye anapiga alama kwenye kijumba kimoja. Kijumba cha kwanza ni chake, ndio mshahara wake. Thelathini vinavyobaki ni vyako. Ukitaka pesa yako kabla kadi haijajaa unaruhusiwa, wanaita kuvunja kadi: unapewa chako chote, ila kijumba cha kwanza hakirudi. Ukianza tena, ni kadi mpya, na ya kwanza ni yake tena. Sheria hiyo inajulikana na kila mtu, hata na watoto wanaouza karanga.

Mkusanyaji wa mstari wa mawese alikuwa Faridah, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtoto wa mjini, mwenye sauti ya chini na mfuko wa kitambaa alioufunga kiunoni chini ya kanga. Albertine alimwita akae naye, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamweleza habari ya butiki kwa kumnong'oneza, ingawa soko zima lilikuwa linaijua. Kisha akasema anaweza kutoa elfu tano kwa siku. Faridah akatikisa kichwa.

"Yaya, usiangalie siku muzuri," alisema, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa. "Angalia siku ya mvua. Ile siku, ukisha kula, ukisha kulipa takisi, ushuru wa soko, ukisha kuweka ya kununua bidoni ingine ya mafuta, kunabakia ngapi?"

Albertine alikuna goti. "Kunabakia elfu mbili. Na ile nayo kwa shida."

"Basi njo hiyo. Kadi moja inajaa na elfu makumi sita. Kadi tano iko laki tatu. Miezi tano ya kuweka, na mwezi moja ya magonjwa na ya kilio. Kadi yenye kujaa nitakuchungia mpaka Idi, bila kitu."

Hesabu ilikuwa nzuri, na hapo hapo Albertine akaishuku. Mtu anayelipwa kijumba cha kwanza angependa kijumba kinene. Kama Faridah angesema elfu tatu, au angekubali zile elfu tano, Albertine angemwelewa, angesema huyu ana njaa kama sisi. Lakini mtu anayejipunguzia mshahara mbele ya macho yako, halafu akajitolea kukuchungia pesa bure, huyo ana jambo. Alikubali, kwa sababu hakuwa na mwingine, na jioni alipofika nyumbani akachukua mkebe wa maziwa mtupu, akatia ndani kokwa moja ya ngazi, tunda la mchikichi. Kila siku atakayotoa elfu mbili, ataongeza kokwa moja. Kokwa mia moja hamsini na tano zingekuwa kadi tano, pamoja na zile tano za Faridah. Kokwa hazisomi wala haziandiki, kwa hiyo haziwezi kumdanganya mtu.

Tusimcheke mno. Zamani, alipokuwa bado anaishi Wamaza, alikuwa kwenye likelemba, mama kumi wanachanga kila mwezi na fungu lote linakwenda kwa mmoja. Zamu yake ilipofika, mwekahazina, mama wa kwaya aliyekuwa akiimba naye bega kwa bega, alipanda pikipiki alfajiri na hajarudi mpaka leo. Albertine alimsubiri barabarani siku nzima akiwa amevaa kitambaa cha sherehe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa akiona nyasi kila mahali.

Kadi ya kwanza ilidumu wiki mbili. Asubuhi moja Faridah alipita amevaa kitenge kipya, cha manjano, chenye ndege. Albertine alikitazama kile kitenge mpaka mteja akamkumbusha kwamba mafuta yanamwagika. Alihesabu bei yake, akaigawa kwa elfu mbili, akaona ndege wote wale wameshonwa kwa pesa yake. Mchana akavunja kadi. Faridah alifungua mfuko, akahesabu noti moja moja juu ya goti la mwenzake, na zote zilikuwepo. Kitenge, alisema, ni cha harusi ya mtoto wa dada yake, wote wameshonewa sare.

Sasa pesa ikawa nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Octave. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mtu mpole aliyekuja kutoka Kabambare kumsaidia kulima shamba la muhogo, na alilala chumba cha mbele. Jioni hiyo Octave alikohoa. Akakohoa tena. Albertine, amelalia pesa, aliona kwamba hicho si kikohozi cha mgonjwa, ni kikohozi cha mtu anayepima kama wenzake wamelala. Hakufumba jicho. Asubuhi alikuwa wa kwanza sokoni, akamrudishia Faridah fungu lote. Faridah akaliweka, akatoa kadi mpya, akapokea elfu mbili za siku hiyo na kupiga alama kwenye kijumba cha kwanza.

"Hii iko ya kwangu, Yaya," alimkumbusha.

Albertine alisema anajua, akipungia mkono kama anayefukuza nzi. Elfu mbili ni nini? Ni bei ya kulala usingizi. Na kweli usiku ule alilala kama mtoto.

Kilichofuata kilikuwa na utaratibu wake. Wiki moja ikipita bila shaka, shaka ilikuja kumtafuta. Faridah akichelewa kupita, alikuwa anakimbia. Akiwahi kupita, alikuwa na haraka ya kukusanya ili akimbie. Akimsalimia kwa furaha, alikuwa anamlainisha. Akimsalimia kwa uchovu, dhamiri ilikuwa inamsuta. Albertine alivunja kadi kwa sababu ya mvua kubwa iliyobomoa ukuta wa jirani wa Faridah. Alivunja kwa sababu alimwona Faridah akizungumza na motari, mwendesha pikipiki, asiyejulikana pale. Alivunja siku aliyosikia redioni habari ya mkusanyaji wa mji mwingine kabisa, asiyemjua, aliyetoroka na pesa za watu. Kila mara pesa zilikuwepo zote. Kila mara alizipeleka nyumbani, akakaa siku mbili tatu bila kuweka kitu, akaanza kuogopa kuta, paa na Octave, akazirudisha. Kila mara ilikuwa kadi mpya na kijumba cha kwanza. Elfu mbili za usingizi, alijiambia, na kokwa kwenye mkebe zikaendelea kuongezeka, na yeye akaendelea kuzihesabu na kuona kwamba anasonga mbele.

Siku moja aliamua kupima. Alichukua noti zake, akapaka kila moja tone la mawese kwenye kona, akampa Faridah. Wiki iliyofuata alivunja kadi na kudai noti zilezile, si nyingine. Faridah akamwonyesha mfuko wote. Noti zote zilikuwa na mawese, kona zote nne na katikati, maana mfuko mzima ulitoka kwenye mstari wa wauza mawese, na hakuna noti inayopita pale ikabaki kavu. Mama wawili walicheka mpaka wakashikana. Albertine hakucheka. Aliona tu kwamba Faridah alikuwa na bahati sana.

Ya Nyangwe ndiyo iliyosimuliwa zaidi. Harusi ya yule mtoto wa dada ilifika, Faridah akaaga mstari mzima, akasema atakuwa Nyangwe siku tatu. Albertine alimwitikia vizuri, akampa hata salamu za kumpelekea bibi harusi. Lakini siku ya pili akauona mto Lualaba akilini mwake, akauona na mtumbwi, na Faridah ndani ya mtumbwi amekumbatia mfuko, ng'ambo ya pili inakaribia. Alichukua pesa ya chakula cha wiki, akapanda pikipiki, akala vumbi njia nzima. Alimkuta Faridah nyuma ya nyumba ya harusi, amekaa kwenye kigoda, mikono imejaa manyoya ya kuku, anaimba na wenzake. Mbele ya mashangazi wote Albertine akasema anataka kuvunja kadi. Wimbo ukakatika. Faridah alinawa mikono polepole, akafungua mfuko aliokuwa ameufunga kiunoni chini ya nguo ya harusi, akamhesabia zote. Kisha akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki na kumpa sahani ya pilau iliyofunikwa.

"Yaya, nakuambia mara ya mwisho," alisema. "Kila mara unavunja, ile ya kwanza inakuja kwangu tena. Mimi niko nakula, na wewe uko nakonda. Acha kadi ijae, hata moja."

Mtu mwingine angeshukuru. Albertine, pilau mapajani, alirudi Kasongo akiligeuza lile neno njia nzima. Kwa nini mtu akukataze kuchukua pesa yako? Anakukataza kwa sababu haipo. Na kama ipo, basi anapanga isiwepo. Pilau alimpa Octave ale kwanza, yeye akasubiri aone kama itamdhuru.

Haikuwa Faridah peke yake. Shaka ni kama mvua, haichagui paa. Louise, aliyekaa kushoto kwake mstarini, alimshauri wakodi pamoja waendesha baiskeli wa kuwaletea mafuta kutoka Wamaza, nauli ishuke kwa wote wawili. Albertine alikubali, lakini kwanza akamtaka aape kwa Biblia, pale pale, mbele ya waendesha baiskeli, kwamba hatachanganya bidoni zao. Louise aliapa, uso umemwiva, na hakumshauri kitu tena. Victoire, wa kulia, alimwangalizia biashara siku moja alipokwenda zahanati na goti. Aliporudi, Albertine alipima mafuta yaliyobaki kwa kijiti mbele yake. Na Octave? Octave alikohoa siku moja zaidi, Albertine akamuuliza kwa nini anakohoa tu pesa inapokuwa ndani. Yule bwana akakunja mkeka wake, na kesho yake akarudi Kabambare kwa miguu. Alikwenda zake akikohoa kweli.

Mfungo ukaingia. Faridah alikuwa akipita mstarini na midomo mikavu, anapokea, anapiga alama, anakwenda. Mkebe wa Albertine ulikuwa mzito. Siku ya kuamkia Idi, asubuhi, aliumwaga kitandani na kuhesabu: kokwa mia moja hamsini na tano, kamili kabisa. Ule mwezi wa ziada ulikuwa umeliwa wote na zile siku mbili tatu za pesa kulala nyumbani, lakini hesabu ilikuwa imefika. Alifunga kitambaa chake cha kanisani, akapaka goti mafuta, akaenda sokoni kuchukua laki tatu zake.

Faridah alimhesabia laki mbili na elfu sabini na nane.

Albertine alizihesabu mara tatu, na mara zote tatu zilikuwa hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba kwanza alijisikia vizuri. Miezi sita yote alikuwa akingoja saa hii, na sasa imefika, na yeye alikuwa sahihi. Kisha akaitazama ile butiki, mlango wake wa chuma ukiwa wazi na vijana wakitoa magunia ya mchele. Alisimama, akapaza sauti, akamwita Papa Christophe, mkuu wa soko, aje aone mwizi.

Papa Christophe alikuja na kiti chake. Alikuwa mtu asiyependa kelele siku za sikukuu. Alimsikiliza Albertine mpaka mwisho, na Albertine alisema mengi: kitenge, motari, mtumbwi ambao haukuwepo. Kisha akamgeukia Faridah, naye akajibu kwa sentensi moja tu, kwamba pesa ni hiyo, na nyingine ni vijumba vyake vya kwanza.

"Vijumba vya kwanza iko tano!" Albertine alisema. "Tulihesabu sisi wawili. Kadi tano, tano tu."

"Ulifungua kadi ngapi, mama?" Papa Christophe akauliza.

Albertine alisema yeye si mtu wa kuficha, atamwonyesha. Alitandika kitambaa chini, akatoa mkebe, akaweka kokwa moja kwa kadi ya kwanza. Ya pili, baada ya kitenge. Ya tatu, baada ya mvua. Baada ya motari. Baada ya redio. Baada ya noti za mawese. Hapo watu wakacheka kidogo. Baada ya Nyangwe. Akafunika mkebe, akidhani amemaliza.

Lakini mstari mzima ulikuwa umezunguka, na mstari mzima ulikuwa na kumbukumbu. Mmoja akasema, na ile siku ya mazishi ya padri. Albertine akaweka kokwa. Mwingine akasema, na ile ulipoota ndoto. Akaweka. Victoire alikumbusha ya siku ya zahanati. Waliendelea kumkumbusha, tena bila ubaya, kama watu wanaomsaidia mwenzao kutafuta kitu kilichoanguka. Mkono wa Albertine ulizidi kuwa mzito, na kokwa za mwisho aliziweka mwenyewe bila kuambiwa, maana alianza kuzikumbuka. Zikawa kumi na sita. Hakuna kadi hata moja iliyowahi kujaa.

Alizitazama. Akatenga tano pembeni, zile za halali, za hesabu. Zikabaki kumi na moja. Kumi na moja mara elfu mbili ni elfu ishirini na mbili, na ukiziongeza kwenye zile alizonazo mkononi unapata laki tatu kamili. Hakuna aliyemwambia. Alijua kuhesabu vizuri sana, hiyo ndiyo sababu iliuma. Papa Christophe naye aliona, akainua kiti chake, akaondoka bila kuhukumu kitu, kwa kuwa hapakuwa na kesi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Albertine alikwenda kwanza kwa Papa Iliasi, ambaye alimsikiliza kwa adabu na kumwonyesha kijana aliyekaa kwenye benchi, muuza chaja na simu, laki tatu zake ndani ya bahasha. Alasiri bado, alisema mzee. Mpaka alasiri butiki haina mwenyewe, na Albertine ndiye aliyetangulia kuiomba. Elfu ishirini na mbili si mali. Ni bidoni moja ya mawese na chenji. Katika mstari ule hakukuwa na mama ambaye asingeweza kuzipata, hasa siku kama ile ambapo mji mzima ulikuwa ukinunua mafuta ya kupikia sikukuu.

Alianza na Louise. Louise alimwacha aseme, na hakujifanya hana.

"Franga niko nayo, Mama Sonia. Lakini nikikukopesha leo, kesho utauliza niliitoa wapi."

Victoire alisema ameahidi watoto viatu, na alisema hivyo huku akiangalia kijiti cha kupimia mafuta. Waliofuata hawakumtukana. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine na deni, mwingine alikuwa amezipeleka nyumbani sasa hivi. Albertine alizijua zile sauti, kwa sababu ndizo alizozitumia yeye kwa watu. Alipofika mwisho wa mstari aligundua kwamba mtu pekee ambaye asingemwuliza kitu wala kumkumbusha kitu ni Octave, naye alikuwa Kabambare.

Alirudi mahali pake akasimama. Hakuweza kukaa, aliona akikaa tu ndiyo basi. Ndipo Faridah, aliyekuwa akiwagawia wengine pesa zao za sikukuu, alipoacha kazi, akaingiza mkono kwenye upande mwingine wa mfuko, ule wa kwake, akahesabu noti. Alikuja mpaka mbele ya Albertine. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, ameitwa mwizi mbele ya soko zima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

"Yaya, kamata," alisema. "Elfu makumi mbili na mbili. Utanirudishia polepole. Kimbia, hawajaadhini."

Albertine aliziona zile noti, na kona zao zenye mawese. Alitaka kuzichukua. Mkono wenyewe ulianza kwenda. Lakini ndani yake kile kitu cha Wamaza kiliamka, kikatazama kushoto, kikatazama kulia, na kabla hajakizuia, mdomo ukafunguka.

"Na wewe utapata nini?"

Faridah hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu anayetaka kusikia vizuri, kisha akafumba vidole juu ya zile noti.

"Sitapata kitu," alisema.

Akazirudisha mfukoni, akafunga kanga, akarudi kwa wateja wake. Albertine alisema alikuwa anauliza tu. Alisema tena, kwa sauti zaidi, kwamba mtu ana haki ya kuuliza. Mnara wa msikiti ukaanza kuadhini alasiri. Baada ya sala aliuona ufunguo ukitoka mkono wa Papa Iliasi na kuingia mkono wa yule kijana wa chaja. Kijana alifungua mlango, akaingia, na dakika hiyohiyo akaanza kupigilia misumari ya kutundikia bidhaa zake.

Sikukuu ikapita. Soko lilipofunguliwa tena mvua ilikuwa imenyesha, na Albertine alikaa mahali pake, mguu wa kushoto umenyooshwa kwenye tope. Nyumbani kulikuwa na laki mbili na elfu sabini na nane, na tayari alikuwa hajalala siku tatu kwa ajili ya pesa hizo. Alikuwa ameamua. Angeanza kadi mpya, na hii angeiacha ijae, wala asingeuliza, wala asingevunja. Butiki nyingine itapatikana, Papa Iliasi si mwenye nyumba peke yake. Alikuwa amezikunja noti zake za elfu mbili mapema, akazishika kiganjani.

Faridah alitokea upande wa Louise. Alipokea, akapiga alama, wakaongea kidogo juu ya Idi. Kisha akafika kwa Albertine.

"Umeamukaje, Yaya? Na goti?"

"Goti iko hivyo hivyo," Albertine alisema, na akanyoosha mkono wenye pesa.

Faridah aliuona mkono. Alimwombea goti lipone, akamtakia biashara njema, akapita bila kuzipokea pesa. Kwa Victoire alisimama, akatoa kadi, akapokea. Aliendelea hivyo na mstari, mama baada ya mama, sauti yake ya chini ikizidi kwenda mbali, na Albertine alimfuata kwa macho mpaka mwisho akitafuta ndani ya tendo lile hila, mpango, kitu chochote cha kushuku. Hakukiona. Mteja alikuja akataka chupa mbili, akampimia, na mteja akaondoka bila yeye kuhesabu chenji hata mara moja. Kuikosa butiki kulimuuma. Kupitwa hivi kulimuuma zaidi.